Kete Sitini na Nne: Somo la Hesabu Kutoka Bariadi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitu kwa kipimo na hesabu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, tumezoea kusoma habari za maulamaa, za miji ya kale na za majahazi. Leo nataka kueleza historia ya hesabu moja ndogo. Ni hesabu ambayo mtoto aweza kuicheza kwa mbegu juu ya mkeka, na hali watu wa Misri, Baghdad, Italia, Ufaransa na Ujerumani waliishughulikia kwa zaidi ya miaka 1500 kabla ya kuimaliza. Na kwa kuwa historia isiyo na mazingatio ni porojo tu, sitaficha namna hesabu hiyo ilivyonifedhehesha mimi mwenyewe. Fedheha ya mzee ikimwongoza kijana, basi haikupotea bure.

BAO LA BARIADI

Nilikwenda Bariadi kusomesha mwaka 1987. Wakati ule Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuanzishwa mpaka mwaka 2012. Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa na minazi na upepo wa bahari, nikajikuta katika nchi ya mbuga, ya ng'ombe na ya pamba, ambako asubuhi wazee husalimiana "Mwangaluka", na ambako msimu wa mavuno kila mazungumzo huishia kwenye mzani wa pamba. Waislamu tulikuwa wachache, na chuo chetu kilikuwa chumba kimoja cha udongo nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja.

Katika mzigo wangu nilichukua bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64 za komwe. Najua wako watakaoninung'unikia kwa hilo. Nami nakubali kwamba mchezo wowote unaomchelewesha mtu na Sala haufai. Lakini baada ya Alasiri, kazi zikiisha, tulicheza kidogo na wazee, na kijana mmoja wa chuoni alikuwa na kazi ya kuzihesabu kete na kuzirudisha koponi.

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka kama 14, mtoto wa mkulima wa pamba. Alianza kusoma akiwa amekwisha kuwa mkubwa, kwa hivyo alikuwa bado katika Juzuu Amma, amefika Suratul Balad. Siku moja nilimkuta ameziweka kete zote chini juu ya mkeka, amezipanga safu nane, na kila safu ina kete nane. Nikamuuliza, "Wafanya nini?"

Akasema, "Maalim, huu ni mraba. Kete 64 zinafanya mraba mmoja wa nane kwa nane. Tena zinafanya miraba minne midogo, kila mmoja wa nne kwa nne. Nimejaribu kuzipanga kwa namna nyingine, miraba isiyozidi minne na kete isibaki hata moja, haziji. Ni njia mbili tu."

Mimi nikacheka. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Kete 64 ni nyingi. Kitu kingi kina njia nyingi. Wewe hujajaribu vya kutosha, umeona uvivu." Watoto wakacheka pamoja nami.

Siku ya tatu akaja tena. Kete moja ilikuwa imepotea, zimebaki 63. Akanambia, "Maalim, tazama ajabu. Kete zimepungua, lakini njia zimeongezeka. Sasa ni nne." Mimi, badala ya kutazama, nikamuuliza iko wapi kete yangu. Nikamwambia kwamba hesabu za namna hiyo hazina faida ya dunia wala ya akhera, na nikamtoa darasani siku ile. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Hakurudi tena chuoni.

Ndugu zangu, kijana yule alikuwa amesema kweli tupu, mara mbili. Mwalimu wake ndiye aliyekuwa mjinga.

MRABA NI NINI

Mraba ni hesabu inayopatikana kwa kuzidisha namba kwa namba hiyo hiyo. Moja kwa moja ni 1. Mbili kwa mbili ni 4. Tatu kwa tatu ni 9. Kisha 16, 25, 36, 49, 64, na kuendelea. Ukizipanga mbegu kwa idadi hizo hupata umbo la pembe nne zilizo sawa, ndiyo maana likaitwa hivyo, kutokana na neno la Kiarabu murabbaa.

Mafundi wetu waashi wanaijua miraba hata kama hawajui jina lake. Fundi akitaka kusimamisha pembe ya msingi, hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba toka ncha hadi ncha. Akipata futi 5 kamili, pembe imekaa sawa. Siri yake ni kwamba 9 na 16 jumla yake ni 25: miraba miwili imeungana ikafanya mraba wa tatu.

Sasa, waweza kuuliza: ni namba zipi zinazopatikana kwa kujumlisha miraba miwili? Ni zipi zinazotaka mitatu? Ni zipi zinazotaka minne? Na iliyo ngumu kuliko zote: kila namba ina njia ngapi? Hilo la mwisho ndilo alilokuwa akiliuliza kijana wa Bariadi, bila ya kitabu na bila ya mwalimu.

KUTOKA ISKANDARIA HADI BAGHDAD

Mtu wa zamani anayejulikana zaidi katika jambo hili ni Diophantus wa Iskandaria, katika nchi ya Misri, ambaye wengi humweka katika karne ya 3 Miladia. Alitunga kitabu cha hesabu chenye sehemu 13. Humo alieleza kwamba namba 65 yagawanyika katika miraba miwili kwa njia mbili: 64 na 1, na pia 49 na 16. Akataja na sababu: ni kwa kuwa 65 ni 5 mara 13, na kila moja katika hizo ni jumla ya miraba miwili. Maana 5 ni 4 na 1, na 13 ni 9 na 4.

Tazama, ndugu msomaji, ilivyo karibu na bao letu. Lau mtu angeongeza kete moja juu ya zile 64 angeipata namba ya Diophantus.

Karne nyingi baadaye elimu hiyo ikahamia Baghdad. Katika zama za Khalifa Al-Maamun, aliyetawala baina ya mwaka 813 na 833 Miladia, Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha Al-Jabr, na sehemu yake kubwa inahusu mirathi na wasia, ili watu wagawane kwa haki. Humo namba isiyojulikana iliyozidishwa kwa nafsi yake aliiita mali. Neno hilo ndilo hili hili tunalolitumia sisi kwa fedha na mashamba yetu.

Baada yake Qusta bin Luqa, aliyetoka Baalbek katika nchi ya Sham, alikifasiri kitabu cha Diophantus kwa Kiarabu. Naye Qusta alikuwa Mkristo. Wagiriki walibakiwa na sehemu sita tu za kitabu kile. Sehemu nne nyingine zilidhaniwa kuwa zimepotea kabisa, mpaka mwaka 1968 nakala ya tafsiri ya Qusta ilipotambuliwa katika maktaba ya Mashhad, nchini Iran. Nakala yenyewe iliandikwa mwaka 595 Hijria, yaani 1198 Miladia. Mwandishi yule aliyekaa na kalamu yake hakujua kwamba anayoyanakili yatakuja kuwa nakala ya pekee duniani. Basi tusiudharau mwandiko safi, wala tusiziache karatasi za wazee wetu ziliwe na mchwa.

Katika karne ya 10 Miladia akatokea Abu Jaafar Al-Khazin wa Khurasan. Yeye aliandika risala juu ya pembetatu za ile kamba ya fundi, ambazo pande zake ni namba kamili, na akaifuata ile habari ya Diophantus hadi kwenye kanuni yake. Nitaionyesha kanuni yenyewe kwa 5 na 13. Chukua mashina ya miraba yao: ya kwanza ina 2 na 1, ya pili ina 3 na 2. Zidisha 2 kwa 3 upate 6, na 1 kwa 2 upate 2. Ukijumlisha ni 8, ukitoa ni 4. Kisha zidisha 2 kwa 2 upate 4, na 1 kwa 3 upate 3. Ukijumlisha ni 7, ukitoa ni 1. Sasa oanisha: 8 pamoja na 1, na 4 pamoja na 7. Hizo ndizo njia mbili za 65. Hukubahatisha, kanuni imekuongoza mpaka mlangoni.

Yuko pia Al-Khujandi, mnajimu mkubwa wa zama zile zile. Huyo alidai kuthibitisha kwamba namba mbili za mchemraba haziwezi kujumlishwa zikafanya mchemraba mwingine. Jambo lenyewe ni kweli, lakini hoja yake haikutimia. Mwanachuoni mwenziwe akaandika waziwazi kwamba hoja ile ina kasoro, na huku akimtakia rehema za Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo adabu ya wenye elimu. Kosa halikufichwa kwa kuwa aliyekosea ni mkubwa, wala mwenye kosa hakutukanwa.

KUTOKA BAGHDAD HADI ULAYA

Leonardo wa Pisa, anayejulikana pia kwa jina la Fibonacci, alijifunza hesabu za tarakimu hizi tunazozitumia akiwa kijana katika mji wa Bejaia, pwani ya Algeria, ambako baba yake alikuwa akiwasimamia wafanyabiashara wa kwao. Mwaka 1202 aliandika kitabu cha kuwafundisha watu wa Ulaya tarakimu hizo, na mwaka 1225 akaandika kitabu kizima juu ya namba za mraba. Kanuni niliyoieleza hapo juu imo humo pamoja na uthibitisho wake.

Mwaka 1621 Bachet, Mfaransa, alikipiga chapa kitabu cha Diophantus kwa Kigiriki na Kilatini, na akasema jambo kubwa: kwamba kila namba, iwe ndogo au kubwa, yapatikana kwa miraba isiyozidi minne. Alijaribu namba moja moja mpaka 325, zote zikatii. Lakini alikiri kwamba hana uthibitisho. Mwenye akili anajua kwamba magunia 325 yaliyopimwa yakawa mazima si hoja kwamba la 326 halina mchanga ndani yake.

Fermat, naye Mfaransa, aliandika barua tarehe 25 Desemba 1640 akaeleza habari ya namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake. Alisema kila namba tasa ambayo ukiigawa kwa 4 hubaki 1, kama 5, 13, 17 na 29, ni jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. Euler, mtu wa Uswisi, alihangaika na maneno ya Fermat kwa miaka mingi. Hili la miraba miwili alilithibitisha, lakini lile la miraba minne lilimkwama kwa miaka 40, ijapokuwa alilikaribia sana.

Mwaka 1770 Lagrange, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, akalimaliza. Alikuwa mdogo kwa Euler kwa miaka 29, na katika kazi yake aliitumia njia aliyoifungua mzee yule. Euler wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Je, aliona wivu? La. Aliichukua hoja ya kijana, akaisifu, kisha akaandika nyingine iliyo nyepesi zaidi. Niliposoma habari hiyo niliona haya, maana nilikumbuka kete zangu.

HESABU YA NJIA

Hata hivyo Lagrange alieleza tu kwamba njia ipo. Idadi ya njia ilikuja kuelezwa na Jacobi, Mjerumani, ambaye alitoa uthibitisho wake mwaka 1834. Kanuni yake ni fupi kiasi cha kushangaza.

Jacobi alihesabu kwa ukamilifu. Yeye hutofautisha mpangilio, kwamba mraba wa 8 uje kwanza au uje mwisho. Tena hukumbuka kwamba kila mraba una mashina mawili, la mali na la deni: 3 kwa 3 ni 9, na deni la 3 kwa deni la 3 pia ni 9. Na mahali pasipo na mraba huweka sifuri.

Kwa hesabu hiyo, ukiwa na namba witiri, tafuta namba zote zinazoigawa bila ya kubakisha, zijumlishe, kisha zidisha kwa 8. Ukiwa na namba shufwa, zijumlishe zile zinazoigawa ambazo ni witiri peke yake, kisha zidisha kwa 24.

Tuanze na 63. Zinazoigawa ni 1, 3, 7, 9, 21 na 63. Jumla yake ni 104, na mara 8 ni 832. Sasa chukua 64. Hiyo hugawanywa na 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64, lakini witiri iliyomo ni moja tu, yaani 1. Basi ni 24 tu. Na 65 hugawanywa na 1, 5, 13 na 65, jumla 84, na mara 8 ni 672.

Ukiacha mpangilio na mambo ya deni, ukahesabu kwa mbegu kama alivyohesabu kijana, 63 ina njia nne: 49, 9, 4 na 1, au 36, 25, 1 na 1, au 36 na 9 mara tatu, au 25, 25, 9 na 4. Na 65 pia ina nne: 64 na 1, 49 na 16, 36, 25 na 4, na 36, 16, 9 na 4. Katikati yao imesimama 64 na njia zake mbili tu, kama alivyonambia.

Basi wingi si hoja. Kinachotoa njia nyingi si ukubwa wa namba, ni vile ilivyojengwa ndani yake.

KURUDI BARIADI

Mwaka 2019 nilialikwa Bariadi katika arusi. Mji umekua, majina ya mitaa mengine siyajui, na ni makao makuu ya mkoa. Baada ya Sala ya Ijumaa akanijia mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka, akasema, "Shikamoo Maalim. Kete yako niliitafuta sana."

Nilimjua hapo hapo. Amekuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya mkoa ule. Alinichukua mpaka darasani kwake, akachukua chaki, moja katika zile zilizotengenezwa na vijana wa Maswa, akanambia, "Wakati ule nilijaribu tu. Sasa nikuonyeshe kwa nini."

Nami nakuandikieni kama alivyonionyesha, kwa sababu kila mwenye kujua kujumlisha ataelewa.

Chukua mraba wa namba yoyote witiri: 1, 9, 25, 49. Ukiugawa kwa 8, sikuzote hubaki 1. Mraba wa namba shufwa, kama 4, 16, 36 au 64, ukiugawa kwa 8 hubaki 4 au haubaki kitu. Sasa 64 hugawanyika kwa 8 bila ya baki. Tuseme tumeipata kwa miraba minne, na mahali patupu tuweke sifuri. Je, miongoni mwao mwaweza kuwamo witiri? Ikiwa mmoja au mitatu ni witiri, jumla itakuwa witiri, na 64 si witiri. Ikiwa miwili ni witiri, itabaki 2 au 6. Ikiwa yote minne ni witiri, itabaki 4. Hakuna hata hali moja inayokuja sawa. Basi mashina yote ni shufwa.

Ikiwa yote ni shufwa, yagawe yote kwa 2. Miraba yake itapungua mara nne, na 64 itakuwa 16. Na 16 pia hugawanyika kwa 8 bila ya baki, basi hoja ni ile ile: mashina yote ni shufwa. Gawa tena kwa 2, tumefika 4. Na 4 ni ama mraba mmoja wa mbili kwa mbili, ama miraba minne ya moja moja. Hakuna ya tatu. Rudi juu ulikotoka, mara mbili na mara mbili tena, utapata mraba mmoja wa nane, au miraba minne ya nne. Njia mbili tu. Hata uzipange kete mpaka Kiyama, haitapatikana ya tatu.

Nilikaa kwenye dawati la wanafunzi kama mtoto. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikudhulumu. Ulisema kweli nikakuita mvivu, na nikawachekesha wenzako juu yako. Nisamehe."

Akasema, "Nilikusamehe zamani, Maalim. Hesabu sikuziacha. Nilichoacha ni chuo."

Maneno hayo ni mepesi, lakini yalinichoma. Alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, katika Suratul Balad. Kwa mpango wa vyuo vyetu, mtoto akitoka sura hiyo huingia Suratul Fajr. Na katika mwanzo wa Suratul Fajr, Mwenyezi Mungu ameapa kwa shafi na kwa witiri, maneno mawili ambayo Kiswahili chetu kimeyachukua kuziita namba za jozi na zisizo za jozi. Mtu huyu amefundisha shufwa na witiri kwa miaka zaidi ya 20, amenithibitishia ukweli kwa maneno hayo hayo, na sura yenye maneno hayo hakuwahi kusomeshwa, kwa sababu mwalimu wake alikuwa na haraka ya kutaka kete yake.

Jioni ile, baina ya Magharibi na Isha, tuliketi wawili msikitini, tukaanza pale tulipoishia. Alisoma kwa kusitasita, nami nilimsahihisha taratibu. Hatukumaliza usiku mmoja, lakini siku hizi simu zipo, na kila Jumamosi hunipigia.

MAZINGATIO

Ndugu Waislamu, katika historia hii nimechota mambo matatu, nami nayaweka mbele yenu.

La kwanza ni uaminifu katika elimu. Tunapenda kusema kwamba kila kitu kiligunduliwa na wazee wetu. Wazee wetu wana fungu lao, tena fungu la heshima: bila ya Qusta na mwandishi wa nakala ile sehemu nne za Diophantus zingepotea, na Al-Khazin alifika mbali. Lakini kanuni ya miraba minne ni ya Lagrange, na hesabu ya njia zake ni ya Jacobi. Kumnyima mtu haki yake ni dhuluma, hata akiwa si wa dini yetu na amekufa miaka 200 iliyopita. Al-Khwarizmi aliandika hesabu ili mirathi zigawanywe kwa haki. Nasi tuigawe kwa haki sifa ya elimu.

La pili, kujaribu si kuthibitisha. Kijana alijaribu akapata kweli, na Bachet alijaribu mpaka 325 akapata kweli, lakini wote wawili walihitaji hoja. Wangapi miongoni mwetu huhukumu jirani, au huvunja ndoa, au husambaza habari, kwa mambo mawili matatu waliyoyaona? Mwenye kuhukumu na alete hoja inayofunga kila mlango, kama ile ya ubaoni.

La tatu nawausia walimu wenzangu wa vyuo, na wazazi majumbani. Mtoto akikujia na swali usilolijua, usimfukuze. Sema sijui, kisha keti naye mkahesabu pamoja. Huenda kete unayoililia ina thamani ya shilingi chache, na mtoto unayemfukuza hutampata tena kwa mali yote ya dunia. Mimi nilimpata baada ya miaka 32, tena kwa kuwa yeye ndiye aliyenitafuta.

Bao langu lingali nyumbani, na kete ni 63. Sikutia nyingine mahali pa ile iliyopotea. Wajukuu wakiniuliza kwa nini haitimii, huwapa kete zote wazipange katika miraba isiyozidi minne, nami hukaa kando nikingoja wanambie wenyewe ni njia ngapi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atuepushe na kibri. Wabillahi tawfiq.